Fundi wa Daraja Lililofutwa

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaojua. Mimi nilimkuta tayari ana mvi na tayari ana sauti kubwa, jirani yetu wa ukuta mmoja pale Kihonda, fundi umeme wa kiwanda cha sabuni. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Kulikuwa na fundi seremala, mafundi cherehani na fundi baiskeli, lakini ukisema Fundi peke yake, bila kuongeza neno, ni yeye. Mkewe alikuwa Mama Fundi. Hata mbwa wao, ambaye hakupewa jina, alikuwa mbwa wa Fundi.

Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Mimi si mtu wa kusema. Mwalimu akinitaja darasani natamani ardhi inimeze, na wageni wakija nyumbani nakimbilia jikoni kuosha hata sufuria zilizo safi. Kwa hiyo haya niliyoyaona sikumwambia mtu. Yamekaa rohoni yakichacha.

Nianze na ubaya wake. Watu wakitaka kumtetea aliyeonewa humsafisha kwanza, kana kwamba kuonewa ni haki ya watakatifu peke yao. Fundi hakuwa mtakatifu. Alikuwa mjivuni, mbishi, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliwahi kumwambia mwenye duka, mbele ya wateja, kwamba nyumba yake mpya imefungwa nyaya na mtu aliyejifunzia umeme kwenye tochi. Aliyezifunga alikuwa shemeji wa mwenye duka, na shemeji mwenyewe alikuwa amekaa pale pale juu ya kreti la soda.

Enzi zile za mgao wa umeme, taa zikirudi, watoto wa mtaa mzima walipiga kelele. Fundi yeye alitoka nje, akasimama mlangoni mikono nyuma, akizitazama taa za nyumba za watu kama mkuu anayekagua gwaride.

"Ahsante, Fundi!" vijana wa kijiweni walimtania.

"Msinishukuru mimi, lipeni bili!"

"Fundi, kesho uwashe mapema, kuna mpira!"

"Mpira utautazamia wapi, wewe? Kwenu hata redio mnasikilizia dirishani kwa watu!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, naye aliingia ndani akiwa amefura kwa raha.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa kusuka mota. Mota ya kiwandani ikiungua, alitoa nyaya zote za shaba zilizoteketea, akaanza kuzungusha mpya mzunguko kwa mzunguko mpaka imerudi kama ilivyokuwa. Mama yangu ni msusi wa nywele, kibarazani petu hapakosi mtu. Fundi akirudi kazini, ananuka sabuni utadhani amefuliwa yeye na nguo zake pamoja, alisimama kumtania.

"Sisi wasusi wawili, dada yangu. Tofauti ni moja tu. Wa kwako akiumia anapiga kelele, wa kwangu akiumia anatoa moshi."

Sebuleni kwake, katikati ya picha ya Bikira Maria ya mkewe na kalenda ya duka la vipuri, kilitundikwa cheti. Kilikuwa na kioo na fremu ya mninga. Kilisema kwamba mwenye jina hili amemaliza uanagenzi wa miaka yake yote, ametahiniwa, na ni Fundi Umeme wa Daraja la Kwanza. Mgeni akiingia hakuambiwa akae kabla hajakisoma. Mimi nilikisoma mara nyingi mno, maana nilitumwa pale kila siku, mara chumvi, mara moto wa mkaa. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa msikiti wala wa kanisa, Ijumaa yuko nyumbani na Jumapili yuko nyumbani. Lakini kanisa dogo la kwao Mama Fundi, kule juu milimani, taa zake za jenereta alizifunga yeye, bure, na aliyejaribu kumshukuru alitukanwa.

Na alikuwa na mapengo katika ufundi wake. Hili nalisema kwa sababu nililipata mwilini. Miaka ile kila mtu alikuwa ananunua vitu kutoka nje, televisheni, pasi, feni, na nyaya za vitu hivyo zilikuwa za kahawia na bluu. Fundi alikulia kwenye nyekundu, njano na bluu, zote tatu nyaya za moto, na nyeusi ndiyo waya wa kurudisha. Kwake bluu ilikuwa moto, basi. Mama aliponunua taa ya mezani ili nisomee, Fundi ndiye aliyefunga plagi. Bluu akaipeleka kwenye moto, kahawia akaipeleka kwa nyeusi. Taa iliwaka vizuri. Siku globu ilipoungua ikapasuka nilizima swichi ya taa, nikaingiza kidole kutoa kipande kilichobaki, na nikatupwa mpaka kitandani. Swichi ilikuwa imekata waya usio na kitu, na ule wa moto ulikuwa unaningoja.

Fundi alikuja mbio na kandambili mguu mmoja. Alifungua plagi, akatazama. Kisha akaanza kuugombeza waya.

"Bluu! Bluu ni moto! Nani amebadilisha? Walikaa wapi wakabadilisha, na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kiwandani, baba," mkewe alimjibu kutoka mlangoni. "Mwombe mtoto samahani."

Hakuomba. Siku iliyofuata aliniletea globu mpya na miwa miwili, akaviweka mezani bila neno, akaondoka.

Kwa hiyo nikisema Fundi alihitaji kufundishwa rangi mbili, najua ninachosema. Sitasahau kidole changu. Kinachonichoma ni kwamba mtu aliyehitaji kufundishwa rangi mbili walimnyang'anya ufundi wote.

Kiwanda kiliuzwa. Akaja mwekezaji, wakaja na wakubwa wapya, na jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kupanga upya madaraja ya wafanyakazi. Kila fundi alitakiwa apeleke cheti kilinganishwe na vya siku hizi. Fundi alikishusha cheti ukutani, akakifuta kioo kwa shati, akakipeleka na fremu yake. Afisa utumishi mpya, kijana mwenye tai, alikisoma, akamrudishia.

"Mzee, idara iliyotoa hiki cheti haipo tena."

"Mimi nipo."

"Naelewa. Lakini kwenye jedwali letu hakina mahali pa kukaa. Na elimu yako?"

"Darasa la nane."

"Hakuna darasa la nane, mzee. Kuna la saba, halafu kidato cha kwanza."

Hayo Fundi aliyasimulia kibarazani kwetu huku amepakata fremu kama mtoto mgonjwa. "Nimeambiwa darasa nililosoma halipo," alisema. "Sasa nilikaa wapi miaka yote ile? Nilikaa chini ya meza?"

Walimwambia aende Dar, kuna ofisi inayolinganisha vyeti vya zamani. Alikwenda. Wakamwambia aje wiki ijayo. Akaenda tena, wakamwambia mhusika yuko semina. Akawa mtu wa stendi ya Msamvu, alfajiri anapanda basi, jioni anashuka, fremu imefungwa kwenye kanga ya mkewe, mpaka wapigadebe wakawa wanamuuliza, "Mzee wa picha, leo wamekununulia?" Mwisho aliambiwa kwamba cheti ni halali, hakuna anayekikataa, ila hakiwezi kupewa daraja lolote la sasa mpaka mwenyewe atahiniwe upya.

Nimelifikiria neno hilo mpaka kichwa kinauma. Cheti ni halali, ila hakina daraja. Ni kama kumwambia mtu kwamba ndoa yako tunaitambua, ila huyu si mkeo. Na waliosema hivyo walikaa kwenye ofisi zenye feni, na hakuna aliyejiuliza feni zile zilifungwa na mafundi wa cheti gani.

Mama Fundi alitaka aache. Yeye ni Mluguru wa juu kabisa, kwenye ukungu, na kwao ardhi hupita kwa akina mama, kwa hiyo sehemu yake ilikuwepo inamngoja. Kila msimu alipanda milima kupitia Bigwa, akarudi na karoti na kabichi za kuuza.

"Twende kwetu," alimwambia mbele yetu. "Maji yanatiririka yenyewe, hayana mgao. Utalima, utapumzika."

"Nikalime ardhi ya wajomba zako? Kila asubuhi niwaamkie wakinipangia tuta?"

"Wajomba zangu wanakupenda."

"Wananipenda kwa sababu ni Fundi. Nikishika jembe nitakuwa mume wa binti yao tu."

Alikubali mtihani. Hapo nilimheshimu na kumwonea huruma kwa wakati mmoja. Chuo cha ufundi ambako angetahiniwa kilimpa kijitabu cha kujisomea, na kijitabu kilikuwa cha Kiingereza. Mama Fundi akaja kwa mama kuniomba. Kwa hiyo kila nikitoka shule niliketi kwenye mkeka wao nikisoma na kutafsiri, na ilikuwa rahisi kwangu kwa sababu maneno hayakuwa yangu. Fundi alibishana na kila ukurasa.

"Soma tena hapo."

Nikasoma kwamba fundi achore kwanza mchoro wa nyaya kabla ya kugusa chombo chochote.

"Huyu mwandishi amewahi kuona moshi? Mota inaungua, msimamizi anapiga kelele, sabuni inagandia kwenye pipa, mimi natafuta penseli?"

"Ndivyo kilivyosema, Fundi."

"Haya, endelea. Nitamchorea."

Alijifunza alama za michoro zote. Alizichora kwa mkaa kwenye ukuta wa choo, na Mama Fundi akagomba, na siku ya pili akamletea mkaa zaidi. Rangi alizijifunza kwa kuziimba. Ukipita nyuma ya nyumba asubuhi unamsikia anaoga huku anaunguruma, "Kahawia moto, bluu kurudi, kijani na njano ardhini." Vijana wa kijiweni waliidaka, wakawa wanamwimbia akipita. Akawatukana, lakini kwa furaha. Niliamini atapita. Namwandikia yeyote atakayesoma kwamba niliamini kabisa.

Siku ya mtihani alirudi mchana, mapema mno. Alikuja moja kwa moja kibarazani kwetu. Mama alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Fundi akachukua kigoda, akakisimamisha kwa ubavu kiwe boksi la swichi, akatuonyesha yote, sauti mbili, yake na ya mtahini.

Mchoro alichora. Rangi alipatia zote. Taa mbili zenye swichi juu na chini ya ngazi alizifunga zikawaka. Likabaki jambo la mwisho, kutafuta hitilafu iliyofichwa kwenye ubao. Akazima swichi kubwa. Akafungua boksi. Akanyoosha mkono, akapitisha mgongo wa vidole juu ya waya.

"'Mzee, simama hapo hapo,'" Fundi alisema kwa sauti ya mtahini. "Nikamuuliza, kuna nini? 'Umegusa waya kwa mkono.' Nimezima swichi kubwa, umeniona! 'Umejuaje kama umeme umekatika kweli?' Nikamwambia, si ndiyo maana nimegusa, nijue!"

Tulicheka wote, hata mteja wa mama aliyekuwa ameinamishwa shingo. Fundi naye alicheka, halafu akawa wa kwanza kuacha.

"Na testa yako, Fundi?" mama aliuliza taratibu.

Ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Ilikuwa hapo siku zote, bisibisi yenye kitaa kidogo, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Aliifunika kwa kiganja kama mtu aliyeshikwa na maumivu ya moyo.

Nilijua tabia ile. Mafundi wa enzi zake walifundishwa hivyo na mabwana wao, kwamba ukitaka kujua waya kama umekufa, uguse kwa mgongo wa mkono, kwa sababu waya ukiwa hai misuli inajikunja na mkono unatoka wenyewe, lakini ukigusa kwa kiganja utaushika na hutauachia. Ilikuwa hatari, naye aliijua. Kwa macho yangu nilimwona akimnasa kofi mwanafunzi wake mmoja kwa kosa hilo hilo. "Wewe una testa!" alimfokea. "Mimi hii nilipewa kabla ya testa!" Kile alichowakataza wenzake mkono wake ulikuwa bado unakifanya bila kumuuliza.

Kwa haki, yule mtahini hakukosea. Ningekuwa mimi, na kidole changu kile, pengine ningemsimamisha pia. Lakini ningemwambia, mzee, toa testa mfukoni, turudie. Mtu akikosa jambo moja hufundishwa jambo moja. Wao walikunja ubao.

Majibu yakaja kwamba ni Daraja la Tatu. Kwenye jedwali jipya la kiwanda Daraja la Tatu anaitwa msaidizi wa fundi. Vijana wawili aliowafundisha yeye, mmoja wao yule wa kofi, walipata la Kwanza, na yule wa kofi ndiye angekuwa mkubwa wake. Kijana mwenyewe alikuja usiku ule kumuomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya, akalia ukumbini, na Fundi akamwambia anyamaze, atawaamsha kuku. Hilo nalo lilinikasirisha. Kwa nini waliokuwa wanalia walikuwa wasio na makosa?

Afisa utumishi alimwita asaini. Alimwambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma niliposimuliwa, "Mzee, ni jina tu. Kazi ni ile ile."

"Kama ni jina tu," Fundi alijibu, "nipe mimi la kwako."

Hakusaini. Akatoka getini siku hiyo hiyo. Mtaani walimsifu kwa jibu lile, walilirudia kijiweni kama bao la fainali, na hakuna aliyemuuliza Mama Fundi anapika nini. Nami nilimkasirikia, ndiyo, hata yeye. Nilitaka asaini. Nilitaka ameze. Halafu nikimwaza anaitwa "msaidizi" na mtoto aliyemfundisha kushika koleo, nilitaka asisaini tena. Sikupata pa kuiweka hasira yangu, ikawa inahama tu, leo kwa kijana wa tai, kesho kwa Dar, keshokutwa kwa kiburi chake.

Cheti hakikurudi ukutani. Kilibaki kiraka cha rangi safi katikati ya Bikira Maria na kalenda, na mgeni akiingia alikaa moja kwa moja. Kazi za mtaani zilimwisha. Wenye nyumba mpya walianza kuuliza fundi ana daraja gani, na wao wenyewe hawakujua daraja ni nini. Kisha nyumba yao ikawekwa kufuli, na kanga za Mama Fundi hazikuonekana tena kwenye kamba. Mama akasema wamepanda milimani. Nilifarijika. Nilimwona kichwani mwangu amesimama kwenye tuta, anawagombeza wajomba.

Hakuwa kwenye tuta. Mimi nikiwa kidato cha nne, bwalo la shule yetu lilikuwa linabadilishwa nyaya na mkandarasi mmoja. Asubuhi moja mwalimu wa zamu alinituma nikachukue vikombe vya walimu. Bwalo lilikuwa tupu, meza zimesogezwa pembeni. Katikati ilisimama ngazi ndefu, na juu yake kijana ambaye hakunizidi umri sana, ananyofoa taa za zamani. Chini, ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, alikuwa Fundi. Alivaa ovaroli la mtu mkubwa kuliko yeye. Aliniona kabla sijamwona, akageuza uso ukutani.

"Dingi, shika vizuri bwana, unanitingisha!"

"Nimeshika."

"Nipe koleo. Siyo hiyo! Ile ndogo."

Akampa ile ndogo. Ningeweza kuchukua vikombe nikaenda zangu, na ndivyo nilivyo, ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote. Lakini nilisikia sauti kubwa bwaloni, na ilikuwa yangu.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba," aliitika yule wa juu ya ngazi, bila hata kugeuka.

"Sikukuamkia wewe," nilisema.

Akageuka, akanitazama chini kwa mshangao, anatabasamu. "Umemwamkia nani basi, mrembo? Fundi si ndiye mimi?"

"Nimemwamkia Fundi."

Kijana akanitazama mimi, akamtazama mzee, tabasamu likaanza kumtoka. Fundi hakugeuka. Uso wake ulikuwa bado ukutani, mikono yake haikuachia ngazi, na alipozungumza ilikuwa kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nenda darasani, mwanangu," alisema. "Usinikosanishe na fundi."